Marvin Gaye: jina kubwa Marekani, mkimbizi wa madeni Ostende

Kwenye ofisi yetu ya sendika kuna redio moja ya zamani juu ya kabati. Jioni wenzetu wakitoka kazini wanapita kuuliza habari ya mishahara, redio inalia chinichini na hakuna anayeisikiliza. Lakini kuna wimbo mmoja ukipita, wote wananyamaza. Ni wa Marvin Gaye, ule uliotoka mwaka 1982. Wakubwa wanaujua kwa kaseti za serkile, wakati mshahara ulikuwa unaingia kwa tarehe yake. Vijana wanaujua kwa telefone. Juzi kijana mmoja wa karieri akauliza huyu mtu alikuwa wa wapi. Mmoja akamjibu kwamba ni Mmarekani. Mwingine akakataa, akasema ni mtu wa Ubelgiji, sababu aliona picha ya sanamu yake kule. Wakabishana mpaka saa ya kufunga ofisi. Wote wawili walikuwa na haki kidogo, na njo maana leo tunaweka pembeni mambo ya mishahara na kontra, tunaandika maisha ya huyu mwimbaji. Mtaona wenyewe kwamba mishahara na kontra hatukuziacha mbali.

Marvin alizaliwa tarehe 2 Aprili 1939 huko Washington, mji mkuu wa Marekani, katika familia ya watu weusi maskini. Jina la familia lilikuwa Gay. Ile herufi ya mwisho aliiongeza mwenyewe alipoanza kutoa disiki. Mama yake alikuwa anafanya kazi za nyumbani kwa watu. Baba alikuwa mhubiri wa kanisa dogo lenye kushika Sabato, mtu mkali, na fimbo yake haikupumzika. Mtoto alijifunza kuimba kanisani akiwa mdogo sana, akajifunza piano pia. Kati yake na baba yake hapakuwa na amani tangu mwanzo. Mshike hilo, tutalirudia mwishoni.

Akiwa na miaka 17 aliacha masomo, akaingia jeshi la anga. Wakampa kazi za mikono za kila siku, akaanza kukataa amri, wakamrudisha nyumbani. Sisi wa sendika hatuwezi kumlaumu sana kwa hilo. Akazunguka na vikundi vya waimbaji vijana, mpaka mwanamuziki mmoja mkubwa kwake, Harvey Fuqua, akamchukua wakaenda Detroit mwaka 1960.

Detroit wakati ule ilikuwa mji wa magari, sawa vile Likasi na Kolwezi ni miji ya shaba. Kila familia ilikuwa na mtu kiwandani. Mwanaume mmoja mweusi, Berry Gordy, alikuwa amefanya kazi kwenye mstari wa kuunga magari ya Lincoln na Mercury. Mwaka 1959 akakopa dola 800 kwa familia yake, akafungua kampuni ya disiki ambayo baadaye ulimwengu wote uliijua kwa jina la Motown. Alichukua akili ya kiwanda akaileta kwenye muziki. Mmoja anaandika wimbo, mwingine anapanga sauti, wengine wanapiga vyombo, mwingine anawafundisha waimbaji namna ya kutembea na kusalimu watu wakubwa, halafu siku ya Ijumaa wanakaa kikao cha kuchagua disiki gani itoke na gani ibakie kwenye kabati. Studio yenyewe ilikuwa kwenye nyumba ya kawaida, na ilifanya kazi mchana na usiku kwa zamu.

Marvin alianzia pale kama mpiga ngoma. Mwaka 1963 akamuoa Anna, dada wa Gordy, aliyemzidi miaka 17. Basi akawa mfanyakazi na shemeji wa patro kwa wakati mmoja. Anayejua kampuni za familia anajua kwamba mtu wa namna ile hawezi kugoma vizuri wala kunyamaza vizuri.

Yeye alitaka kuimba nyimbo za polepole sawa Nat King Cole, mbele ya watu waliovaa vizuri na kukaa kwenye meza. Disiki yake kubwa ya kwanza, ya 1961, ilikuwa ya namna hiyo na haikuuzika. Kampuni ikamrudisha kwenye nyimbo za kucheza, na kuanzia 1962 jina likaanza kupanda. Akaimba pia na wanawake wawiliwawili. Aliyependwa zaidi ni Tammi Terrell. Mwaka 1967, wakiwa wanaimba jukwaani, Tammi akaanguka mikononi mwake. Ilikuwa uvimbe ndani ya kichwa. Akafa Machi 1970, hajafika miaka 25. Marvin akakataa kupanda jukwaani kwa muda mrefu.

Hapa tusimame kidogo kwenye jambo la umaarufu, sababu ndilo lililoleta ubishi pale ofisini. Umaarufu wa mwimbaji mweusi Marekani ulipandishwa kwa ngazi mbili. Kulikuwa na orodha ya disiki za watu weusi, na orodha kubwa ya watu wote, maana yake ya wazungu. Redio zilikuwa mbalimbali, maduka mbalimbali, hata fasi ya kuchezea mbalimbali. Mtu aliweza kuwa wa kwanza kwenye ngazi moja na kwenye ngazi ingine hajulikani. Gordy alipigana miaka yote kuvusha watu wake kutoka ngazi hii kwenda ile, na ndiyo maana ya yale masomo ya kutembea na kusalimu. Uingereza orodha ilikuwa moja tu. Mwenye kununua alinunua, na aliyeuza alihesabiwa. Lakini kule redio ya serikali ilikuwa moja, saa zake za muziki wa namna hii chache, na hakukuwa na mtaa mzima wa watu weusi wa Detroit wa kuelewa mwimbaji anasema nini.

Kwa hiyo nyimbo zilikwenda njia tofauti. Mwishoni mwa 1968 wimbo wake I Heard It Through the Grapevine ulikaa majuma 7 kwenye kiti cha kwanza Marekani, na 1969 ukawa wa kwanza Uingereza pia. Mpaka hapo wako pamoja. Lakini 1970 Waingereza walinunua kwa wingi wimbo wake Abraham, Martin and John, wa kuomboleza viongozi waliouawa Marekani, na ukaingia kwenye kumi za kwanza. Kwao Marekani kampuni haikuutoa hata kama disiki ndogo. Wamarekani walikuwa wanauawa viongozi wao, na Waingereza ndio walioimbiwa habari hiyo na sauti ya Marvin.

Mwaka uliofuata ikawa kinyume, na hapo ndipo tunapotaka kukaa.

Julai 1967 Detroit ilikuwa imewaka moto. Polisi waliingia kwenye nyumba ya kunywea pombe usiku, mtaa ukasimama, jeshi likaja, watu 43 wakafa. Frankie, ndugu yake Marvin, alirudi kutoka vita vya Vietnam na habari nzito. Mwenzao wa kundi la Four Tops, Renaldo Benson, aliona polisi wakiwapiga vijana huko California, akaanza kutunga wimbo wa kuuliza kunatokea nini. Marvin akaumaliza pamoja nao, akauimba mwenyewe. Ndio What's Going On.

Patro akaukataa. Aliona hautauzika, na aliogopa mwimbaji wake wa mapenzi asiharibu jina kwa kuingia kwenye siasa. Marvin akafanya kitu ambacho shemeji wa patro hakutegemewa kufanya. Akagoma. Hakurekodi wimbo mwingine hata mmoja mpaka ule utoke. Wakubwa wengine wa kampuni wakautoa Januari 1971, ukauzika haraka kuliko disiki zote za Motown za mbele yake. Ndipo Gordy akataka disiki kubwa nzima upesi, na Mei 1971 ikatoka. Ndani kulikuwa na vita, watoto wa maskini, polisi, madawa ya kulevya, hewa chafu, na sumu ya zebaki ndani ya samaki. Sisi tunaokaa karibu na mito inayopokea maji ya viwanda, wimbo ule wa samaki hatuhitaji mtu wa kututafsiria.

Kuna kitu kingine kwenye ile disiki, kidogo, nyuma ya kartoni. Ni majina. Wapigaji wa Motown, wale walioitana Funk Brothers, walikuwa wamepiga kwenye karibu nyimbo zote zilizoitajirisha kampuni, na hakuna kartoni iliyokuwa imewaandika. Walilipwa kwa kazi ya siku au kwa juma, wakaenda nyumbani. James Jamerson, mpiga besi, vidole vyake vilisikiwa dunia nzima na jina lake halikujulikana hata mtaa wa pili. Marvin akaandika majina yao. Ilikuwa mara ya kwanza kwa disiki kubwa ya Motown. Watu wa muziki wanasifu sauti na mapatano ya ile disiki, na wana haki. Sisi tunaanza kuisifu kwa nyuma, pale kwenye majina.

Marekani ikaipokea disiki hiyo kwa mikono miwili. Weusi waliinunua na wazungu waliinunua, ngazi zote mbili. Uingereza 1971, kimya. Wimbo wenyewe haukuingia hata kwenye orodha ya mbele. Wale wale waliolia kwa wimbo wa viongozi waliokufa, huu wa vijana waliokuwa wanakufa siku ile ile hawakuusikia. Waingereza wakaja kushtuka baadaye sana. Mwaka 1985, Marvin akiwa ameshafariki, waandishi wa gazeti lao la muziki NME waliiweka ile disiki ya kwanza kati ya disiki zote za nyakati zote. Marekani, gazeti la Rolling Stone lilifanya hivyo hivyo mwaka 2020. Umaarufu wa Ulaya unakuja kwa miguu, lakini ukifika unakaa. Wa Marekani unakuja na ndege na unataka kulipwa siku hiyo hiyo.

Tusiseme lakini kwamba Ulaya ni ya wapole na Marekani ya wabaya. Ulaya ilipenda vitu ambavyo Marekani ilikuwa imetupa. Kaskazini ya Uingereza, kwenye miji ya viwanda na makaa, vijana wa wafanyakazi walikuwa wanacheza usiku kucha kwa disiki za watu weusi wa Detroit ambazo hazikuuzika kwao, disiki za waimbaji waliokuwa wamesharudi kufanya kazi viwandani. Edwin Starr na Jimmy Ruffin, wote wa Motown, mwishowe walihamia Uingereza kabisa, sababu kule bado tikiti zao zilinunuliwa. Donna Summer, mwenyewe wa Boston, jina alilipatia Munich, Ujerumani, ndipo Marekani ikamnunua. Na Julai 1979, Chicago, watu walijaza uwanja wa mpira kwa kulipua rundo la disiki za disko, na redio nyingi zikaanza kuziacha. Ulaya waliendelea kucheza. Kwetu Katanga jambo hili si geni. Mwenda Jean-Bosco, gitare yake ilijifunzwa na wazungu kwa daftari na penseli, akaalikwa Marekani kwenye festivali ya Newport mwaka 1969. Wajukuu wangapi wa Likasi leo wanaweza kupiga hata wimbo wake mmoja?

Turudi kwa Marvin. Mwaka 1972 Motown ilihamia Los Angeles. Wapigaji wa Detroit hawakuitwa kwenye kikao. Baadhi yao walijua kwa karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa studio. Wako wasomaji wetu waliosoma karatasi ya namna hiyo kwenye lango la kazi, na wengine wanangojea dekonti yao ya mwisho mpaka leo. Kwa hiyo tunapita.

Marvin mwenyewe alikwenda na kampuni. Aliimba mapenzi ya mwili, akawa wa kwanza tena 1973. Mwaka 1976 alikuja Ulaya, akaimba London Palladium, na disiki ya konseri ile ikatoka 1977. Motown walikuwa wanamsukuma atengeneze disko. Yeye disko aliichekelea, akatengeneza Got to Give It Up nusu kwa mzaha, ukawa wa kwanza Marekani na wa saba Uingereza. Lakini nyumba ilikuwa inaanguka. Ndoa na Anna ikafa 1977. Pesa ya kumlipa hakuwa nayo, wakapatana kwamba Anna atapata dola 600,000 kutoka kwa disiki itakayofuata. Akatoa disiki nzima ya kusimulia ndoa yao, 1978, chungu, watu hawakuinunua. Serikali ilikuwa inamdai kodi za mamilioni ya dola. Kokaini ilikula zingine. Alioa tena, Janis, mdogo kwake kwa miaka mingi, na hiyo pia ikavunjika. Mwaka 1979 mtu huyu aliyeuza mamilioni ya disiki alikuwa Hawaii, analala ndani ya gari la zamani la kubebea mikate.

Wapo wanaosimulia haya wakitupa makosa yote kwa kampuni. Hapana. Pesa nyingi alizitupa yeye, wake zake waliteseka kwake, na wanamuziki wake walifika mahali konseri inafutwa na hawajui watalipwa na nani. Tunamheshimu bila kumpaka sukari.

Mwaka 1980 akazunguka Ulaya, akabakia London, madawa juu ya madawa. Kuna usiku ambapo binti wa mfalme, Margaret, dada wa malkia wa Uingereza, alikuja kumsikiliza, na Marvin akafika wakati mgeni ameshaondoka. Magazeti yakamtafuna. Januari 1981 Motown wakatoa disiki yake In Our Lifetime bila yeye kusema imekwisha. Kwa jina lake alikuwa ameweka alama ya kuuliza, wakaiondoa. Akaapa hatawaimbia tena.

Hapo akatokea Freddy Cousaert, Mbelgiji wa Ostende, mpenzi wa muziki wa soul tangu ujana wake, mwenye pansio na mke wake karibu na bahari. Alisikia kwamba Marvin Gaye yuko London katika hali mbaya, akaenda kumtafuta, akamwalika kupumzika. Februari 1981 Marvin akavuka bahari kwa meli, kwenye baridi, pamoja na mtoto wake mdogo wa miaka 5. Alikuja kwa siku chache. Akakaa karibu mwaka na nusu.

Ostende wakati wa baridi ni mji wa wavuvi na wazee. Mtu mweusi mrefu mwenye kofia ya sufu, anakimbia ufukoni asubuhi, anapanda kinga, anapiga ngumi kwenye sala ya mazoezi, anarusha vishale kwenye baa na wavuvi. Wachache tu walijua ni nani. Marekani asingeweza kununua mkate bila mdai au mpiga picha kumfuata, Ostende aliweza. Alikula kwa familia ya Cousaert. Kokaini aliipunguza sana, ingawa kuiacha kabisa hakuweza. Mtengenezaji filamu mmoja Mbelgiji, Richard Olivier, alimfuata na kamera, na kwenye filamu ile Marvin anaonekana peke yake ndani ya kanisa akiimba sala ya Baba Yetu bila chombo. Julai 1981 aliimba kwenye kasino ya Ostende, baada ya kuzunguka Uingereza.

Lazima tuseme neno moja kuhusu ufuko ule. Pale pale mbele ya bahari kuna sanamu ya Léopold II juu ya farasi, imesimama tangu 1931, na chini upande mmoja wamechongwa Wakongo wakimshukuru. Mwaka 2004 vijana wa Ostende walimkata mkono mmoja wa wale Wakongo wa shaba, kwa kukumbusha mikono iliyokatwa kwetu wakati wa mpira. Mjukuu wa watumwa wa Marekani alipona moyo wake kwa kukimbia asubuhi kwenye ufuko wa mfalme yule. Tunajua wasomaji wengine watasema tunachanganya mambo. Ufuko ndio uliochanganya.

Mwaka 1982 kampuni CBS ikanunua kontra yake kutoka kwa Motown, ikamsaidia na madeni, na wakati huu hata Motown hawakupinga sana. Akaingia studio ya Ohain, karibu na Brussels. Alikuwa karibu peke yake: yeye, mpiga gitare Gordon Banks, watu wachache, na mashine ya ngoma ya Kijapani. Tuliwahi kubishana kwenye sendika juu ya mashine hiyo, sababu kazi ya wapigaji kumi wa Detroit ilifanywa na sanduku moja. Ni kweli. Lakini pia ni kweli kwamba mtu asiye na pesa ya kuwalipa kumi asiwaite kumi. Kutoka kwa studio ile ndogo ikatoka Sexual Healing, ule wimbo wa redio yetu. Ulikaa majuma 10 wa kwanza kwenye orodha ya muziki wa weusi Marekani, wa tatu kwenye orodha kubwa, wa nne Uingereza. Disiki nzima, Midnight Love, iliuza mamilioni. Wimbo wa mapenzi uliopendwa sana Marekani mwaka ule ulitengenezwa kwenye kijiji cha Ubelgiji, na mtu ambaye Marekani ilikuwa inamtafuta kwa kodi.

Na sasa kwa sababu umaarufu umerudi, Marekani ikamwita. Mama yake alikuwa mgonjwa pia. Mwishoni mwa 1982 akaondoka Ostende. Februari 1983 alipewa zawadi za Grammy mbili, za kwanza katika maisha yake, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kazi. Mwezi ule ule, karibu na Los Angeles, aliimba wimbo wa taifa kabla ya mchezo mkubwa wa basketi, taratibu, juu ya ngoma ya mashine, na uwanja mzima ukaanza kupiga makofi kwa mwendo wake. Halafu konseri, miji baada ya miji, na kokaini ikarudi pamoja na watu wake wa zamani. Alianza kuamini kwamba kuna mtu anataka kumuua, akavaa fulana ya kuzuia risasi mpaka saa ya kupanda jukwaani.

Baada ya safari zile alirudi kukaa kwa wazazi wake, Los Angeles, kwenye nyumba aliyowanunulia mwenyewe. Noeli ya 1983 alimpa baba yake bastola, ya kulinda nyumba. Tarehe 1 Aprili 1984 baba na mama waligombana juu ya karatasi za asiransi, Marvin akaingia kati akampiga baba. Mzee akachukua ile bastola akampiga mtoto wake risasi mbili. Siku iliyofuata angetimiza miaka 45. Watu karibu 10,000 walipita kumuaga. Majivu yake yalitupwa baharini, Pasifiki. Baba alihukumiwa miaka 6 bila kuingia gerezani. Daktari walikuwa wamemkuta naye na uvimbe kichwani.

Leo Ostende wana sanamu yake ya shaba ndani ya kasino, amekaa kwenye piano. Ndiyo ile picha iliyomdanganya mwenzetu wa ofisini. Watalii wanapelekwa nyumba kwa nyumba kuonyeshwa alipolala na alipokunywa. Miaka ile wengi wa mji hawakumjua. Sasa wote walikuwa rafiki zake.

Halafu kuna jambo la mwisho, la mwaka 2024. Kulikuwa na mwanamuziki mmoja Mbelgiji aliyemlaza Marvin kwake. Familia yake ikajitokeza na vitu ambavyo Marvin aliacha nyumbani pale, na ambavyo wao wanasema aliwapa: nguo za jukwaani, madaftari, na kanda zenye sauti yake, nyimbo ambazo hazijatoka. Sheria ya Ubelgiji inasema kitu ukikaa nacho miaka 30 kinaweza kuwa chako hata kama hujulikani ulikipataje. Lakini sheria ile haigusi haki ya wimbo. Basi kanda ziko Ubelgiji, na haki ya nyimbo iko kwa warithi wa Marvin, Marekani. Mwenye kanda hawezi kutoa disiki. Mwenye nyimbo hana kanda. Tulipomweleza hayo kijana wetu wa karieri alicheka, sababu yeye anajua vizuri: shamba lina karatasi yake, na shaba iliyo chini ya shamba ina karatasi ingine, ya mtu mwingine. Akauliza tu nyimbo ni ngapi. Walizozihesabu ni zaidi ya 60.